Ngwe Niliyosema Nimelima

Jumapili usiku

Baba angenichapa tu, ingekuwa nafuu.

Juzi nilimwambia nimelima ngwe yangu kwenye shamba la ujamaa. Uongo. Nilikwenda Kilole kumwona Mama, ambaye tangu waachane Baba amenikataza hata kumtaja.

Leo kwenye mkutano wa kijiji, ilipoulizwa nani hajalima, Baba, mjumbe wetu wa nyumba kumi, akaapa mbele ya watu kwamba nililima. Mama Salehe, ambaye ngwe yake inapakana na yangu, akaangua kicheko: "Mzee mjumbe, ngwe ya Zaina ina magugu mpaka kiunoni!"

Baba hakuniuliza kitu. Alichukua jembe akaenda kuilima mwenyewe, watu wanamtazama. Nikamfuata na jembe langu.

"Rudi nyumbani, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe si ulishalima?"

Nikarudi. Sijui kesho nitamwamkiaje.