Koti la Bwana Finjani

Mama,

Koti limeondoka. Nimelikabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili, mbele ya Baba na Mama Mdogo Zuwena, na aliyelipokea alikuwa amekaa kwenye kochi lilelile alilokalia mara ya kwanza. Nakuandikia kabla hasira haijapoa. Ikipoa nitaanza kusema maneno ya huruma, na wewe hukunilea hivyo.

Nitaanza mwanzo ingawa unaujua, kwa sababu napenda kuusimulia.

Yule kocha Mmarekani wa mpira wa kikapu alipokuja kwetu Bawshar, hapa Maskati, nilikuwa namaliza skuli. Alikuwa ameniona nikicheza kwenye mashindano ya vijana Dubai, akasema hawezi kurudi kwao bila kuzungumza na wazee wangu. Ukamtilia kahawa. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu mtu akitosheka hutikisa finjani, basi kila ukimtilia anakunywa, na kila akinywa unamtilia, mpaka masikio yakamwiva. Ulikuja jikoni umejiziba mdomo kwa ushungi. "Maskini ya Mungu, huyu leo halali!" Ndipo ukampa jina la Bwana Finjani. Lakini alipoondoka ulimwambia Baba maneno ambayo sijayasahau: "Mtu anokunywa mpaka akatoka jasho kwa kumwonea haya mwenyeji, wallahi huyo hana uwongo."

Hapo ndipo tulipokosea. Wewe uliona mtu amekuja kwa wazee, amekula halwa yetu, ametoa ahadi mbele ya mwenye nyumba, na ameacha kitu. Kwako wewe hiyo ilikuwa posa. Na kitu chenyewe ni lile koti la bluu lenye jina la chuo kifuani. Ulilifukiza udi kama nguo ya bibi harusi. Ulipeleka bakuli za halwa kwa majirani wa mtaa mzima, na kila ukienda shughulini ulikuwa unasema, "Mwanangu ameshachukuliwa Amerika," hata kabla hujaulizwa.

Viza imetoka, sanduku liko mlangoni, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. "Timu imeamua kufuata njia nyingine. Tunakutakia kila la kheri." Basi. Nilikutafsiria, ukaniuliza, "Njia gani hiyo?" Sikuweza kukujibu kwa kulia. Sasa naweza.

Zamani, mchezaji wa chuo aliyetaka kuhama alikalishwa benchi mwaka mzima kabla ya kucheza anakokwenda. Siku hizi anaingiza jina lake kwenye orodha ya mtandaoni, wanaiita potali, makocha wa nchi nzima wanaliona, na msimu unaofuata anacheza kwingine. Kwa mchezaji ni uhuru, siukatai. Lakini kocha naye amejifunza. Kwa nini amchukue mtoto wa miaka kumi na minane, amfundishe kusimama, kula, kukimbia, angojee miaka miwili, wakati potali ina mtu mzima aliyekwisha fundishwa na mwingine? Wa kwanza kukatwa ni watoto wa skuli. Na katika watoto wa skuli, wa kwanza ni wa mbali, ambaye mama yake hawezi kwenda kugonga meza ya mtu. Nafasi yangu alipewa msichana aliyekwisha cheza miaka mitatu. Nilimchukia msimu mzima, halafu naye akahama, nikaona hata yeye hakuwa na kwao. Nilipokueleza juujuu wakati ule ulisema, "Kwa hivyo hapandi tena mchicha. Ananunua uliochumwa." Makocha wangapi wameandika kurasa na kurasa kuhusu jambo hili, na hakuna aliyelisema vizuri kuliko hivyo.

Uliacha kwenda harusini. Watu walikuwa wanauliza, "Mwanao keshaondoka?" na wewe uliyekuwa wa kwanza kwenye kila shughuli ukawa unaumwa kichwa kila Alkhamisi. Sisemi Bwana Finjani ndiye aliyekuua. Umri wa mtu uko mikononi mwa Mungu, na ugonjwa wako madaktari waliupa jina. Lakini furaha ya miaka yako ya mwisho aliichukua yeye, na hakujua hata kama ameichukua, na hilo ndilo linaloniunguza. Baba, anayemwomba radhi hata nzi, alisema tumwachie Mungu. Ukamjibu, "Nshamwachia. Sasa nnamkumbusha." Ukalikunja koti, ukalifunga kwenye kanga, ukalitia kabatini. Posa ikivunjika, vitu hurejeshwa. "Likae hapo. Atakuja kulichukua mwenyewe, kwa miguu yake."

Mimi nikaenda kwa Kocha Marta, kwenye chuo kidogo cha hukohuko Amerika ambacho hakuna mtu wa Maskati anayekijua, mahali ambapo baridi inauma mpaka kwenye meno. Yeye bado anapanda mchicha. Anatufundisha, na kila msimu ukiisha vyuo vikubwa vinakuja kuchuma kwake kwa potali ileile. Hakuwahi kuniahidi kitu. Alisema tu, "Njoo, kuna jezi."

Januari ya mwaka huu nilikuwa ndani ya basi la timu, nje theluji, Mama Mdogo akapiga simu. Ulikuwa umeshasaliwa na kuzikwa. Hata ningekuwa na mbawa nisingekuwahi. Kocha Marta aliniambia nisicheze. Nikacheza. Sikumbuki mchezo, Mama. Nakumbuka sauti yako tu, kwenye kile kiwanja cha Khuwair ya Kusini, ulipokuwa unashuka garini na abaya yako kunionyesha mambo ya netiboli uliyocheza skuli Unguja: "Mikono, we mtoto, mikono!" Walioona wanasema sijawahi kucheza vile, na wala sitacheza tena.

Na unajua nani aliyeuona mchezo ule? Msimu ulipokwisha, wachezaji watano wa Bwana Finjani walimkimbia kwa wakati mmoja, wote kwa mlango uleule wa potali aliokuwa akiushangilia. Nikasikia anatafuta. Nikaenda kwa Kocha Marta nikamwambia naingiza jina langu kwenye potali, sitaki kuhama, nataka mtu mmoja tu aje kwetu. Akanikumbusha kwamba mtu akishaingiza jina, chuo chake hakilazimiki tena kumshikia nafasi wala ufadhili. Akasema atanishikia kadiri atakavyoweza, lakini hataapa. Nikaingiza. Hiyo ndiyo bei niliyoiweka mezani, masomo yangu na mpira wangu, na nilijua.

Bwana Finjani alipiga simu kabla sijafika nyumbani Maskati. Alisema, "Pole kwa mama yako, alikuwa mkarimu sana." Jina lako hakulikumbuka. Halafu akasema ameangalia ule mchezo wa Januari mara nyingi. "Ulikuwa na njaa ambayo ndiyo ninayoitafuta." Alisema hivyo, Mama. Kuhusu siku ile. Ilibidi niiweke simu mbali na mdomo ili asinisikie ninavyopumua. Nikamjibu kwa adabu kwamba kwetu mambo haya hayajibiwi kwa simu, aje kwa wazee.

Akaja. Mara hii nilitilia mimi, kwa dele lako la kahawa. Finjani ya pili, akaitikisa! Akaitikisa kwa madaha, akanitazama kama mwanafunzi aliyepata jibu. Nikajua ameshakaa kwenye majlis za nyumba nyingi tangu aondoke kwetu, na ameacha makoti mangapi sijui. Alizungumza juu ya familia. Timu yake ni familia, alisema, na Baba anahesabu tasbihi tu.

Nikainuka, nikaenda kabatini kwako, nikaleta koti ndani ya kanga yako. Udi bado ulikuwemo. Nikampa. Kwetu hata mtoto mdogo angejua maana yake, lakini yeye alilikumbatia, machozi yakamlengalenga, akasema hajawahi kuona mchezaji aliyetunza kitu cha timu yake namna ile. Alidhani hiyo ndiyo "ndiyo" yetu! Mama Mdogo alikimbilia nje kwa kicheko. Baba aliniangalia. Alikuwa ananiomba nimweleze mgeni. Ningeweza kumweleza kwa maneno matatu.

Sikumweleza. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari.

Akiwa uwanja wa ndege alinitumia ujumbe kunijulisha kwamba amewaambia wachezaji wengine wawili nafasi imejaa, ili nione anavyonithamini. Nikangoja. Wewe si ulingoja na sanduku mlangoni? Nami nikangoja, huku kila siku inayopita naiweka rehani nafasi yangu kwa Kocha Marta. Wale wawili wakasaini kwa wapinzani wake. Siku waliposaini nilifungua simu nikamwandikia: "Nimeamua kufuata njia nyingine. Nakutakia kila la kheri." Sikuongeza neno langu hata moja.

Amepiga simu tangu asubuhi. Naiacha iite. Ina mlio mzuri.

Kocha Marta nilimpigia mimi. Akaniambia mazoezi yanaanza lini na kwamba nikichelewa nitakimbia mpaka nitapike. Nafasi ipo. Unahodha niliokuwa nao amempa mwenzangu, kwa sababu nahodha hamfanyii kocha wake hivyo. Ana haki. Imeniuma, na ningerudia.

Ila kuna jambo moja sikulipanga. Nilipotuma ule ujumbe niliinuka mbio, nikapita ukumbini, nikasukuma mlango wa jikoni nikipiga kelele, "Mama, nimemuweza!" Mama Mdogo alikuwa anaosha vyombo. Aligeuka na mikono yake yenye povu, akanitazama. Mtu pekee niliyemfanyia haya yote ndiye pekee asiyeweza kucheka nami. Nilikaa chini palepale jikoni.

Kesho nitapita kaburini kwako kabla ya safari, nikusomee Yasini, na Baba amesema atakuja nami ingawa amenuna. Pumzika, Mama. Mungu akupanulie hapo ulipo. Kanga yako nimeirudisha kabatini, sijaifua.

Na nakuahidi hili. Ratiba imetoka. Vyuo vikubwa hupenda kufungua msimu kwa kuwaalika wadogo waje wapigwe, na Novemba aliyealikwa ni sisi, na mwenyeji wetu ni yeye. Nitaingia nyumbani kwake kama alivyoingia kwetu. Siku hiyo ikiisha ndiyo nitatikisa finjani. Kwa sasa, Mama, bado nakunywa.

Mwanao,
Rayya