Shairi Langu Lililojaa Mimi

Jumamosi jioni, Guangzhou

Mvua imekatika tangu adhuhuri, shuka nililoanika halijakauka bado, na mimi niko hapa nacheka peke yangu kama mwehu. Leo nina furaha. Nina aibu kidogo pia, basi acha nianze na aibu.

Jumatatu nilimtumia Furaha shairi. Furaha ni mfanyabiashara wa nguo kutoka Bukavu. Mizigo yake naipakia melini mimi, wakala wake, na kwa miaka miwili nimempenda kimyakimya huku nikijidai naulizia marobota. Jumanne ijayo anarudi kwao. Nikaona nikinyamaza tena, nimemkosa. Nikarekodi beti kumi na mbili kwa sauti yangu nzito kama ya redioni, nikamwomba aniruhusu niende kwao kujitambulisha.

Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akaandika, kwa Kiswahili cha kwao kilichochanganyika na Kifaransa: "Shairi iko muzuri, vraiment. Mais mimi niko fasi gani ndani?" Yaani, yeye yuko wapi humo?

Nilikasirika. Nikafungua daftari nimwonyeshe alipo.

"Moyo wangu waniuma, macho yangu hayalali." Ubeti wa pili, machozi yangu. Wa tano, upweke wangu. Wa mwisho wote nimejitaja, kama tulivyozoea washairi wa pwani: jina langu Kazungu, kwetu Malindi, ofisi yangu jengo la Tianxiu. Kana kwamba namba yangu hana! Jina lake limo mara moja tu, nalo nililiweka kwa sababu lina kina kimoja na "raha".

Chuoni niliwacheka sana washairi wa ulimbwende, wale Wazungu wa kale waliopanda milima kutazama maua wakashuka na habari za nafsi zao.

Nyani haoni kundule.

Jana alfajiri nilimfuata kwenye maduka ya nguo ya Shisanhang, nikasema nimekuja kumbebea mifuko. Safari hii nilimtazama. Kila gauni analigeuza ndani nje, anapitisha kidole gumba kwenye mshono polepole. Laoban, yule mwenye duka, akitaja bei, Furaha anatabasamu, anainama na kuanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka. Anaifunga mpaka bei ishuke. Miaka miwili, na hilo la kiatu sikuwahi kuliona.

Nikaandika beti tatu tu. "Ageuza nguo ndani, asome mshono wake." Kiatu nacho kimo. Mwishoni sikujitaja, ingawa mkono ulitaka kuandika wenyewe. Nikatuma leo asubuhi, kisha nikaificha simu chini ya mto.

Saa sita simu ikalia. Furaha alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Akasema habari ya kiatu hata mama yake haijui. Halafu akauliza:

"Na jina yako umeiacha wapi? Uiweke. Kisha ukuje kuisoma Bukavu, mbele ya mama."

Nilikaa sakafuni. Sijui kwa nini sakafuni, viti vilikuwepo.

Jina nimeshaliandika, dogo, chini ya lake. Nimefurahi, nasema wazi, nimefurahi mno. Sasa nimesimama mbele ya kioo na shati la bluu, nikijiuliza mama mkwe ataniona vipi, na kama sauti yangu itamfaa, na kama ndevu zangu nizipunguze.

Ee Kazungu, umeanza tena?