Jinsi ya Kuvua Ziwani Ukiwa na Baba Yako

Hagsätra,
Stockholm, Uswidi.
3 Oktoba 2025

Mpendwa dada Eve,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako majani yameanza kugeuka manjano na Mama ameshatoa makoti mazito kabatini. Natumaini u mzima, na kwamba yale mafua yaliyokupata ulipofika Toledo huko Marekani yamekwisha. Je, Baba Mdogo Okech hajambo? Mgongo wake haumsumbui tena akiwa kazini? Sisi hapa hatujambo. Baba na Mama wanakwenda kazini kama kawaida, nami ninaendelea na masomo. Somo la kemia linanitoa jasho kidogo, lakini sijakata tamaa.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, kisha nikaisoma tena. Umesema kwamba tangu ufike huko wewe na baba yako mnakula kimya. Anakuuliza shule ikoje, unamjibu ni nzuri, halafu kila mtu anaosha sahani yake. Alipoondoka Kisumu ulikuwa na miaka minne, na sasa unamwogopa kidogo, si kwa kuwa ni mkali bali kwa kuwa humjui. Tena umesema kila Jumamosi anakwenda ziwani peke yake kuvua na anarudi mikono mitupu. Ungependa kwenda naye, ila hujui lolote kuhusu uvuvi na hutaki kuwa mzigo. Ndiyo maana umeniuliza samaki wa huko anavuliwaje.

Swali lako limenifurahisha kwa sababu ninaweza kulijibu. Samaki mnayemwita walleye huko kwenu ana ndugu yake huku, naye anaitwa gös. Wote wawili wanafanana na mbuta wetu wa Kisumu, ila ni wembamba zaidi, na macho yao ni makubwa na hung'aa kama ya paka ukiyamulika kwa tochi. Mimi na Baba tunamvua gös katika ziwa Mälaren, na huu ni mwaka wetu wa pili. Sijawa bingwa. Nitakuandikia tu yale niliyoyaona mwenyewe.

Kwanza, ukubwa wa ziwa usikutishe. Najua ziwa lenu la Erie halionekani ng'ambo, na mtu akilitazama haoni pa kuanzia. Mälaren nalo ni kubwa, limejaa visiwa na ghuba, na mwanzoni mimi na Baba tulitangatanga sana, leo hapa, wiki ijayo kule. Hatukupata kitu. Aliyetuambia tuchague mahali padogo na tupajue vizuri ni Mzee Ssemakula, jirani yetu. Ni Mganda aliyekuja huku zamani akiwa mkimbizi, akafundisha hesabu mpaka akastaafu. Anavua sana na kutania sana. Siku ya kwanza alipomkuta Baba kwenye lifti na fimbo ya kuvulia alimwuliza, "Bwana Mjaluo, leo tununue kuku?" Baba akamjibu kwamba yeye amezaliwa ziwani. Mzee akasema, "Umezaliwa hospitalini. Dirisha ndilo lililotazama ziwa." Mama alicheka mpaka lifti ikafika chini.

Sasa mahali petu ni Hässelby strand. Treni ya laini ya kijani inaanzia hapa kwetu Hagsätra na kuishia kule, kwa hiyo tunapanda mwanzo na kushuka mwisho, na Baba hupata usingizi mzuri njiani. Kuna gati ya mbao, na hatua chache kutoka ufukoni kina kinashuka ghafla. Ukingo wa namna hiyo ndio utakaoutafuta wewe, pale maji mafupi yanapogeuka kuwa marefu. Samaki hawa hukaa chini gizani, kisha hupanda ukingoni kutafuta samaki wadogo. Upepo ukivuma kuelekea upande mliosimama, msihame, kwa sababu unawasukuma wale wadogo ufukoni na wakubwa huwafuata. Lakini mawimbi yakianza kupanda juu ya mawe, ondokeni. Na msiingie majini kwa mashua mpaka mlizoee ziwa, tena mkiingia vaeni jaketi za kuokolea. Baba husema ziwa kubwa huchafuka bila kumpa mtu taarifa. Hilo kweli alilijua tangu Kisumu, hata Mzee Ssemakula hambishii.

Kuhusu saa za kuvua, nadhani Baba Mdogo anakosea kama Baba alivyokosea. Umesema huondoka baada ya chai na kurudi mchana. Macho yale makubwa hayapendi jua kali. Mchana samaki hawa wanashuka chini na kutulia. Nendeni alfajiri, au jua linapotua, au siku ya mawingu, au wakati maji yamevurugika kidogo. Baba alibisha. Alisema mbuta hana saa ya kula. Mzee Ssemakula akamwambia, "Basi panda ndege ukamvue huyo mbuta." Tulikwenda mchana Jumamosi nyingine nyingi kabla Baba hajakubali, na hata alipokubali alisema ni kwa sababu jioni treni haijai.

Vifaa si vingi. Fimbo nyepesi, mshipi mwembamba, na ndoano yenye chubwi dogo kichwani la kuizamisha, ambayo unaivisha samaki wa mpira mrefu kama kidole chako cha kati. Ukimkosa samaki wa mpira, nyungunyungu anatosha. Tupa, kisha acha izame mpaka mshipi ulegee. Hapo imefika chini. Inua ncha ya fimbo, kunja mshipi kidogo, acha iguse chini tena. Usiharakishe. Mimi huvuta kama mtu anayevuta kamba ya ndoo iliyojaa na hataki kumwaga maji. Ndoano itakwama kwenye mawe mara nyingi na utapoteza chambo, hiyo ni kawaida, usione haya mbele ya baba yako. Baba alipoteza nyingi kuliko mimi.

Linalobaki ndilo kubwa, na ni kosa ambalo sisi wajukuu tuliolelewa na Dani tunaweza kulifanya bila kufikiri. Samaki huyu hashiki kwa nguvu. Unahisi kitu kimegusa mshipi mara moja, kama mtu aliyegonga meza kwa kidole, basi. Ukihisi hivyo, inua fimbo papo hapo. Ukingoja, ameshatema.

Jioni moja ya Agosti mwaka jana nilikuwa gatini na Baba. Unajua kwamba nilipofika huku nilikuwa kama wewe sasa. Mama ndiye niliyezungumza naye. Baba alikuwa mtu wa kuniuliza kama nimevaa soksi. Tulikuwa tukivua kimya, halafu bila kuulizwa akaanza kunisimulia mwaka wake wa kwanza Stockholm, alipokuwa mwanafunzi. Alikaa chumba kimoja na Mkenya mwenzake, Kimani, na siku moja wakasonga ugali kwa unga wa ngano ukawa gundi, wakaula hivyo hivyo. Akaniambia pia kwamba habari za kuzaliwa kwangu zilimkuta katika chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo lao, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka mashine ikamaliza kufua.

Hapo ndipo samaki alipogonga. Nilimhisi kabisa. Lakini Dani alitufundisha kwamba mtoto hamkatizi mtu mzima anapozungumza. Tena, kusema kweli, sikutaka Baba aache. Nikakaa vile vile na fimbo mkononi. Samaki akagonga tena, nami nikaitikia, "Ndiyo, Baba." Alipomaliza ndipo nikasema, "Baba, nilikuwa na samaki."

"Lini?"

"Ulipokuwa juu ya ndoo."

Tukakunja mshipi. Samaki wa mpira alikuwa amekatwa mkia.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unazungumza."

Nilidhani atakasirika. Alicheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake, hata mwanamume aliyekuwa akivua upande wa pili akageuka kututazama. Kisha akasema, "Adhiambo, tukiwa hapa, nikatize. Hata ukinikuta nasali, nikatize."

Tangu siku hiyo ninamkatiza. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya samaki tu. Baadaye nikaanza kumkatiza kwa maswali. Ngoja kwanza, Baba, huyo Kimani yuko wapi siku hizi? Na wewe ulilia au hukulia? Sasa hata nyumbani hatuachi, na Mama analalamika kwamba hadithi moja inamaliza chakula chote cha jioni. Kwa hiyo, dada, samaki akigonga wakati Baba Mdogo anasema, mkatize. Hutakuwa umekosa adabu. Na kama hasemi kitu, hilo nalo si baya. Mkiwa mnavua, hakuna anayelazimika kutafuta la kusema.

Mwezi uliofuata jioni ile ya ndoo, nilimpata wa kwanza. Nilipiga kelele katikati ya habari za mwajiri wa zamani wa Baba, naye akaja na wavu mbio. Ukimpata wako, lowesha mikono kabla ya kumshika, na jihadhari na pezi la mgongoni, lina miiba. Vifuniko vya mashavu navyo vinakata. Kisha mpime. Huku Mälaren gös asiyefika sentimita arobaini na tano hurudishwa majini. Wangu hakufika. Baba alimpima kuanzia kichwani, akampima tena kuanzia mkiani, kisha akanitazama. "Tutamwambia nini mama yako, kwamba tumerudisha chakula majini?" Tulimrudisha. Mzee Ssemakula akikutana nasi bado huuliza kama yule samaki wetu ameshakua. Huko kwenu ulizeni urefu unaoruhusiwa, na Baba Mdogo ahakikishe ana kibali, maana sheria hazifanani.

Wale waliotimiza urefu tumewala. Mama humkaanga mzima, kisha humchemsha kidogo kwa nyanya na vitunguu. Nyama yake ni nyeupe na ina miiba michache, ila Baba anasema kichwa chake hakina kitu ukilinganisha na cha mbuta. Hata hivyo kila mara anakila, na hampi mtu.

Jana nilimwambia Baba kwamba ninakuandikia mambo ya uvuvi. Akaniambia jambo ambalo naona ni vizuri ulijue. Juzi Baba Mdogo alimpigia simu. Walizungumza habari za Dani na visa ya mama yako, na walipokuwa wakiagana Baba Mdogo akamwuliza, "Kaka, msichana wa umri huu ukimwamsha alfajiri mwende ziwani, si atakuchukia?" Alisema amenunua fimbo ya pili tangu wiki ile uliyofika. Iko nyuma ya gari, bado imefungwa kwenye karatasi yake. Baba akamwambia akuulize wewe mwenyewe. Yeye akajibu, "Nikimwuliza akakataa, je?"

Baba hakunikataza kukuandikia haya, naye angeweza. Kwa hiyo usingoje kualikwa. Ijumaa, kabla hajaingia kulala, mwulize mtaondoka saa ngapi.

Mama anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Mzee Ssemakula, ambaye hajawahi kukuona, anakusalimu pia. Ukizungumza na mama yako mwambie tunamwombea apate visa upesi, na Dani mwambie bado ninakunja nguo kama alivyotufundisha. Mwamkie Baba Mdogo kwa niaba yangu.

Mungu awatunze nyote wawili, mezani na gatini, na awape asubuhi zenye mawingu.

Ni mimi nduguyo nikupendaye sana,

Daisy Adhiambo