Kifungu Ulichokiruka

Jumba Namba 6, Ghorofa ya Tatu,
Michenzani, Unguja.
24 Juni 2006

Mpendwa ndugu yangu Khelef,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Natumai wewe, mkeo Hind na watoto mu wazima, na hiyo baridi ya Uingereza imekupeni nafasi kidogo. Mwaka jana nilipokuwa kwenu mliniambia ni majira ya joto, na mimi nikalala na soksi.

Sisi hapa wazima kwa kiasi chetu. Mwanangu Jamil bado yuko na kazi yake ya bandarini Malindi, anatoka alfajiri na kurudi magharibi. Mimi mkono wa kulia unatetemeka vilevile, mguu unaganda nikifika mlangoni, na ngazi za jumba hili nazipanda moja moja. Barua hii nimeiandika kwa siku nne, kila siku saa moja tu baada ya kidonge, wakati mkono unanisikiliza. Ukiona herufi zinapungua mpaka zimekuwa kama chembe za ufuta, usiilaumu miwani yako. Ndivyo maradhi haya ya Parkinson yanavyofanya mwandiko wa mtu.

Sasa tuje kwenye barua yako.

Umeniandikia kwamba hospitali imetoa matokeo ya utafiti wao, na kwamba zile siku kumi nilizokaa na sumaku kichwani nilikuwa katika kundi la mashine ya bandia. Kile chombo chao mfano wa vitumbua viwili vilivyoshikana kilikuwa kikilia ta-ta-ta juu ya nywele zangu, lakini nguvu yake haikuwa ikifika kwenye ubongo. Ukaniomba radhi, ukaniambia nisimwambie mtu, na ukamaliza kwa kusema kwamba umeshawajibu kuwa mimi sitakuja tena. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili na ya tatu nilikasirika, na hasira yenyewe bado ninayo.

Bahati nzuri kwangu, na mbaya kwako, ulitia ndani ya bahasha karatasi zao za Kiingereza, ukidhani nitaziweka chini ya godoro. Nilizipeleka kwa Maha, binti wa ghorofa ya chini anayesomesha Kiingereza skuli. Tulikaa asubuhi nzima ya Jumamosi. Alinisomea kila mstari, na kila nilipomwambia rudia, alirudia.

Kumbe niliambiwa, Khelef! Kifungu cha tano cha ile fomu ya ridhaa niliyotia saini kinasema wazi: nusu ya wagonjwa watapata sumaku ya kweli na nusu watapata ya bandia, na hata daktari anayetupima hajui nani kapata ipi, ili wapate kujua kinachomsaidia mtu ni sumaku au ni matumaini yake. Na katika barua ya safari hii wanauliza kama nataka kurudi nipewe ile ya kweli. Hilo nalo hukuniandikia. Ulilijibu mwenyewe.

Mkalimani wangu ulikuwa wewe. Nakumbuka daktari alizungumza mpaka chai yake ikapoa, halafu ukanigeukia ukasema, "Wanasema watakutibu, dada. Haiumi. Tia saini hapa." Mimi nikashangaa Kiingereza kinavyokuwa kirefu na Kiswahili kifupi, lakini nikakuamini.

Nimekaa miaka ishirini na nane kwenye mashine ya taipu wizarani. Nimepiga barua za mabwana wakubwa, nyingine za upuuzi mtupu, nyingine za Kiingereza nisichokielewa, nikizinakili herufi kwa herufi. Sikuruka mstari wa mtu hata mmoja. Halafu ndugu yangu, niliyemfunza mimi alifu na be, ananirukia kifungu kizima kilichohusu kichwa changu mwenyewe!

Najua kwa nini. Ulinionea huruma. Uliogopa kwamba nikisikia neno "bandia" nitakataa, au nitaingiwa na shaka na safari nzima iharibike. Lakini hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia kwamba natia saini vilevile. Miaka ile ya foleni nilikuwa nikitoka alfajiri kwenda kupanga bila ya kujua kama unga utanifikia, na wewe ulikuwa mdogo ukila ule unga nikiupata. Siku nilizorudi na kikapu kitupu, kesho yake nilikwenda tena. Ulidhani nimekuwa mwoga tangu lini?

Na jambo jingine, usinionee haya. Siku ya sita nilifunga vifungo vya sweta vyote, kutoka juu mpaka chini, mbele ya Hind, naye akapiga kigelegele pale pale jikoni. Sasa unataka tufiche kwa sababu sumaku haikuwamo. Mimi sifichi. Vifungo vilifungwa na vidole vyangu hivi, na hakuna ripoti itakayovifungua. Ile nafuu iliondoka baada ya wiki tano, ni kweli, na iliponiondokea niliumia kuliko nilivyowahi kukwambia kwa simu. Hata hiyo sumaku ya kweli haiondoi maradhi. Maha amenisomea kwamba baadhi ya watu inawapunguzia ugumu wa mwili kwa muda, na wengine haiwasaidii kitu. Nimeelewa. Sitafuti muujiza, nataka zamu yangu.

Unasema nisimwambie mtu. Nimeshawaambia. Mwanakheir, jirani yangu wa mlango wa pili, alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Nlikwambia mie! Wazungu washakufanya panya wao!" Nikamuuliza kama yule mganga wa Bwejuu, niliyepelekwa kwake nikafukizwa siku saba kwa sababu eti nina jini, kuna aliyemuuliza chetezo chake ni cha kweli au cha bandia. Halafu akaniomba chumvi.

Jamil yeye hakucheka. Alisema, "Mama, basi tena. Umri ushakwenda, tulia nyumbani tukutazame." Nina miaka sitini na moja, Khelef. Nikimwachia mwanangu huyu, mwakani atakuwa ananilisha kwa kijiko na atadhani ananitendea wema. Nilimwambia anitazame basi, nikashuka ngazi zote peke yangu. Mguu uliganda mara mbili, nikauhesabia moja, mbili, tatu, mpaka ukatii. Yeye alibaki juu kashika kichwa.

Sasa sikiliza nililolifanya. Jumatatu mimi na Maha tulikwenda kwenye duka la intaneti pale Shangani tukawaandikia hospitali. Maneno yangu, Kiingereza chake. Nilisema jibu walilopewa na ndugu yangu si jibu langu, na karatasi yao wenyewe inasema anayeweza kujitoa ni mgonjwa, tena bila ya kuulizwa sababu. Mimi sikujitoa. Siku ya tatu wakajibu. Nafasi yangu ipo, na naanza tarehe kumi na moja Septemba. Nimeambiwa safari hii watanitafutia mkalimani wao, mwanamke wa Mombasa. Kiswahili chake nitakivumilia.

Kwako nataka vitu viwili. Nataka barua ya mwaliko kwa ajili ya viza, ifike kabla mwezi wa Julai haujesha, na nataka chumba kile kile cha karibu na choo. Ukiona hayo ni mazito niambie kwa maandishi, nijue njia nyengine ya kupita. Kuja nitakuja.

Siku nitakayofika uje unipokee uwanja wa ndege. Nitakukumbatia, kwani nimekukasirikia na sijakuchukia, na hakuna mtu duniani ninayemkumbuka kila siku kama wewe. Asubuhi yake utanipeleka hospitali. Lakini mlangoni kwa daktari utaniacha, nitaingia na yule mwanamke wa Mombasa, na wewe utakaa nje kwenye kiti kama ndugu wa mgonjwa mwengine yeyote. Nikitoka nitakueleza walichosema, mwanzo mpaka mwisho, hata yale yatakayokuuma.

Nisalimie Hind kwa mapenzi mengi, na watoto uwabusu wote. Jamil anakupa mkono, ingawa anataka unikataze. Mwanakheir naye anakusalimu, na Maha, usiyemjua, anakusalimu kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwenyezi Mungu akuhifadhini huko mliko, akulinde na ubaridi na upweke, na anifikishe kwenu mwezi wa tisa na miguu yangu miwili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na hasira zangu zote,

Kulthum