Nilivyomfuta Bibi Harusi

Jumatatu, 2 Juni
Wateja kumi na mmoja tangu asubuhi. Picha za ubatizo, za kitambulisho, mtu mmoja na pikipiki yake mpya. Studio imejaa vumbi la mtaa wetu wa Kimemi, nami nimejaa furaha. Ijumaa napeleka mjini Beni picha za sherehe ya mahari ya Kavira, bibi harusi wa Jumamosi. Mama yake alivunjika mguu, hakuweza kuja Butembo kwenye sherehe. Nimemwahidi ataziona zote kabla ya misa.

Jumanne, 3 Juni
Kompyuta imejaa. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa, basi kila nyumba ina Kavira wake. Folda ya bibi harusi niliiita "Kavira". Ya muuza samaki, "Kavira wa Kyavinyonge", kwa kijiji chake cha ziwani. Huyu wa samaki alishachukua picha zake. Nikaandika amri ya kufuta folda yake, jina zima. Kompyuta ikalalamika: haimjui "wa", haimjui "Kyavinyonge". Nikaicheka. Haijafika ziwani, maskini.
Kisha nikamtafuta bibi harusi. Hayupo.

Jumatano, 4 Juni
Aibu tupu. Muhindo, rafiki yangu fundi wa kompyuta, amenieleza: mashine ikikuta nafasi kati ya maneno, inadhani jina limeisha. Niliagiza kufuta vitu vitatu, na cha kwanza, "Kavira", kilikuwepo.
"Lakini Kambale, minakuambia kila siku, hapana acha nafasi mu majina!"
Kweli, huniambia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kadi ya kamera nayo nilishaisafisha. Muuza samaki yupo palepale, salama salimini, anatabasamu. Namchukia bure.

Alhamisi, 5 Juni
Zimerudi! Muhindo amepitisha programu yake ya kufufua mafaili. Nimemkumbatia mbele ya wateja. Lakini zimerudi bila majina, namba tu, tena pamoja na kila takataka niliyowahi kufuta. Vichwa vilivyokatwa. Vidole vyangu. Padri akipiga chafya. Nimecheka hadi machozi. Muda wa kuchagua hakuna. Nabeba zote.

Ijumaa, 6 Juni
Beni. Njia shwari.
Nimeweka kompyuta kitandani kwa mama yake Kavira, nikaungama yote. Amecheka kuliko mimi. Akaanza kuchagua mwenyewe, akitaja kila mtu: shangazi, wajomba, jirani aliyekula mara mbili. Wasio wake aliwapita, ila padri alimrudia.
Kisha akasogeza uso karibu na kioo. Picha yenye ukungu, niliyoitupa siku ileile ya sherehe. Wote wanatazama kamera. Kavira peke yake amegeuka, mkono juu ya kiti kitupu kando yake.
"Ile kiti njo yangu," mama akasema. "Aliniwekea. Tia hii ya kwanza."
Nimeitia ya kwanza. Halafu akaniuliza kama nimekula.