Trela Tupu Inayumba

Jumatatu, 7 Julai
Nimepiga hesabu mara tatu. Pikipiki nne za magurudumu manne, kila moja kilo mia tatu. Trela yenyewe elfu moja mia saba. Jumla elfu mbili mia tisa. Gari linaruhusiwa kuvuta elfu tatu mia tano. Nikaandika kwenye daftari la uzito, nikatia sahihi. Miaka ishirini na saba nimeendesha magari ya magereza, sijaondoka hata siku moja bila kuandika. Bwana Mugoya, mwenye kazi, ananicheka. Acheke.

Jinja hadi Mbale bila shida. Trela ilinifuata kama ng'ombe mpole. Nimezishusha pikipiki kambini, kule mbele ya Nakaloke. Kambi bado mpya, hata choo hakijaezekwa, lakini watalii wameshaanza kuulizia milima.

Jumanne, 8 Julai
Nimerudi. Mikono inauma.

Sielewi. Jana nilikuwa na mzigo, trela imetulia. Leo tupu, trela inacheza. Wiki iliyopita ilicheza kidogo, nikasema ni upepo. Leo, baada ya Tirinyi, ilianza kutikisa mkia, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka usukani ukawa unanivuta mimi. Nilipunguza mwendo hadi arobaini. Bodaboda akanipita akiwa na mbuzi.

Asubuhi nilipitia Malukhu, hapo Mbale, kwa Dada Mastula kama kawaida. Chai, maneno mengi, halafu wapangaji wake wakanipakilia magunia mawili ya vitunguu na mikungu ya ndizi. Huwezi kutoka kwa dada yako mikono mitupu, na ukijaribu utasemwa mpaka Arua. Wanaviweka nyuma, pale mlangoni. Mbele ndiko kwenye chumba cha kulala cha watalii, na Bwana Mugoya hataki udongo kwenye magodoro yake.

Daftarini nimeandika: kurudi, tupu.

Jumatano, 9 Julai
Fundi amekagua. Tairi nzuri. Upepo sawa. Ekseli haijapinda. Bolti zote zimekazwa. Amelala chini ya trela nusu saa, akatoka akajipangusa, akaniangalia kwa upole. Huo upole sikuupenda.

Jumamosi, 12 Julai
Leo nimetafuta funguo nyumba nzima. Zilikuwa mkononi.

Binti yangu Hadija alicheka. Mimi sikucheka. Mama alianza hivi hivi. Kwanza funguo, halafu chumvi mara mbili kwenye mchuzi, halafu siku moja akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Alikuwa na miaka sitini na moja. Mimi nina hamsini na tisa.

Hadija anasema vitunguu vinaoza jikoni, amegawia majirani wa Mafubira wote na bado vipo. Nimemwambia ashukuru Mungu. Nilikuwa mkali bila sababu.

Jumatatu, 14 Julai
Pikipiki nne tena. Nimeandika, nimetia sahihi. Njia nzima nimekaa wima kama kuruta siku ya gwaride, macho kwenye kioo. Trela haikucheza hata kidogo. Nilifika Mbale nimechoka kwa kusubiri kitu ambacho hakikutokea.

Jumanne, 15 Julai
Leo nilidhani nakufa.

Mteremko wa mto Mpologoma, pale barabara inapoingia kwenye matete. Lori la mchele likanipita kwa kasi. Upepo wake ukaigonga trela. Mkia ukaenda kushoto, ukarudi kulia zaidi, ukaenda kushoto zaidi ya hapo. Niliona trela yangu mwenyewe kwenye kioo cha pembeni, ubavu wote, kama inataka kunipita. Nikaachia mafuta. Sikukanyaga breki, hilo angalau sijalisahau. Ilinyooka mita chache kabla ya daraja.

Nimesimama pembeni. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mpunga kando ya lami aliniletea maji, akaniita afande ingawa sikuvaa sare. Sijui alijuaje.

Trela tupu. Barabara kavu. Mchana kweupe. Sasa niambie, shida iko wapi kama si kwangu?

Asubuhi kwa dada sikukaa. Nilikuwa na haraka, na yeye alikuwa na maneno yake. Aliuliza Hadija anajifungua lini. Mtoto wa Hadija anatambaa! Nikamjibu hivyo, akacheka, akasema amechanganya na mwingine. Ana ndugu wengi wa kuwakumbuka. Magunia yalikuwa manne, na maharage juu yake. Nilisema asante, nikaondoka.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemwambia Bwana Mugoya.

Nilipanga maneno tangu alfajiri. Nilitaka kusema macho. Macho ni ugonjwa wa heshima, unavaa miwani yanaisha. Lakini nilipokaa mbele yake nikasema kweli. Kwamba nikienda na mzigo naendesha vizuri, nikirudi tupu naharibu. Kwamba fundi haoni kitu. Kwamba mama yangu alipotewa na akili, na nadhani zamu imefika kwangu. Bora niache kabla sijaua mtu.

Alinimiminia soda. Amesema Opolot atachukua trela, lakini safari ya kwanza niende naye nimwonyeshe njia. Kijana mzuri, kutoka mji wa Kumi, alikuwa dereva jeshini. Nimeweka funguo mezani.

Nimetembea hadi Mafubira kwa miguu. Nimelia kidogo karibu na shule. Sioni haya kuandika.

Ijumaa, 18 Julai
Sikufanya kitu. Nimefua mashuka ambayo ni safi.

Jumatatu, 21 Julai
Opolot ameendesha. Nimekaa kushoto. Ajabu ya kukaa kushoto: mguu wangu unakanyaga breki ambayo haipo.

Anaendesha vizuri. Hataki daftari, anasema vitu hivi vinajulikana kwa macho. Nimeandika mimi. Pikipiki nne, elfu mbili mia tisa. Trela imetulia. Bila shaka imetulia, kwenda haijawahi kuwa na neno.

Nimeomba Mungu kesho iyumbe. Halafu nimeomba msamaha.

Jumanne, 22 Julai
Imeyumba.

Naandika polepole ili niamini. Imeyumba mikononi mwa Opolot, mwanaume wa miaka thelathini na nne, mwenye akili zake zote. Na haikungoja Mpologoma, ilianza hapo hapo Kamonkoli. Aliita jina la Yesu, mimi nikamwambia achia mafuta, usikanyage breki, shika usukani tu. Tukatoka nje ya lami, tukasimama kwenye majani.

Nilifurahi. Tungeweza kufa wote wawili, na mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Si mimi! Opolot aliniona nacheka peke yangu, akadhani ndiyo hiyo akili yenyewe imeshaondoka.

Tukashuka. Tukaikata trela kutoka kwenye gari ili tutazame ndoano. Hapo ndipo. Trela ikiwa tupu, shingo yake, ile inayokaa kwenye ndoano, inahitaji watu wawili wenye migongo mizuri. Opolot aliishika ili aisogeze, ikapanda yenyewe.

"Afande, hii kitu iko nyepesi. Ona, mi nainua na mkono moja."

Nikajaribu mimi, mwanamke wa miaka hamsini na tisa. Nikainua.

Tulizunguka nyuma. Tukafungua mlango. Magunia saba, yale tuliyopakiliwa asubuhi kwa dada. Vitunguu, maharage, mikungu kumi ya ndizi, na kinu cha kutwangia ambacho sikukiona kikiingia. Yote nyuma ya magurudumu, yamebanana mlangoni. Yamekaa mkiani yanainua kichwa. Kwa hiyo hakuna kinacholiegemea gari, trela inaelea, upepo ukiigusa inakwenda inakotaka. Kwenda, pikipiki mbili zinakaa mbele ya ekseli, shingo inakuwa nzito, trela inatulia.

Tukahamishia magunia mbele, juu ya magodoro ya Bwana Mugoya. Shingo ikashuka kwa kishindo. Tulirudi Jinja mwendo wa sabini. Mkono mmoja ungetosha.

Opolot ameniuliza jambo dogo tu. Kwa nini daftari linasema tupu? Nimemjibu kwamba zawadi si mzigo. Nilijibu haraka, na kwa kweli ndivyo ninavyoamini. Mama alitufundisha kwamba kitu ulichopewa hakipimwi, ukikipima umeshakishusha thamani. Kwa hiyo miaka hii yote napima kila spana, na sijawahi kuyaona magunia ya dada yangu. Yalikuwa mbele ya macho yangu, nikayafungia mlango mwenyewe.

Jumatano, 23 Julai
Tumeyapima kwenye mizani ya mnunuzi wa kahawa. Kilo mia sita na arobaini. Nilijisikia mwizi nikisimama pale.

Bwana Mugoya amenirudishia funguo. Amelalamika kuhusu magodoro kwa dakika kumi, nikamwacha alalamike, ana haki. Amri mpya: kila kinachoingia kinaandikwa, na hakuna kinachokaa mlangoni.

Kwa hiyo nitamwambiaje Dada Mastula? Yeye ni mkubwa wangu. Nikimwambia zawadi zake zinapimwa, hatanisemesha hadi Idi nyingine. Simu haifai kwa hili. Nitakwenda mwenyewe Jumapili.

Mtu aliyepona hofu anapaswa kulala vizuri. Mimi nahesabu. Mawili, manne, saba. Kwa nini yanaongezeka?

Jumapili, 27 Julai
Niko Malukhu. Nitaandika kidogo, naogopa kuandika.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilianza mbali, nikasifu vitunguu, nikasema vimetufaa sana, ila trela ina masharti yake. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Hakukasirika hata kidogo.

"Vitunguu gani, Zainabu? Mi sijakutumia kitu tangu Idi. Nimeona aibu, kila siku nasema nitamtuma mtu."

Akainuka aende kunitafutia gunia.

Mpangaji wake wa chumba cha nyuma, mwalimu, aliniita pembeni. Amesema alidhani najua. Anasema kila siku ya soko mchuuzi wa Nakaloke analeta anachoagiza dada, kwa sababu kila mara anaagiza upya kwa ajili ya mdogo wake wa Jinja. Amenifungulia stoo. Magunia hadi darini. Ya chini yameoza, maji meusi yametoka hadi mlangoni. Harufu hiyo niliwahi kuisikia nikinywa chai, nikasema ni mtaro wa jirani.

Aliuliza Hadija anajifungua lini. Nilimsikia dada kwa masikio yangu, nikakimbilia trela.

Wiki tatu nimejichunguza kama askari anayetafuta simu ya mfungwa. Funguo, chumvi, mkono, jicho. Nilikuwa na uhakika ugonjwa wa mama umeingia nyumbani kwetu, na kweli umeingia. Sikuuliza umekaa kwa nani.

Jumatatu, 28 Julai
Nimempigia Opolot aichukue trela, kwenda na kurudi. Bwana Mugoya ameuliza kwa muda gani. Nimesema sijui. Amesema sawa afande, pole.

Nimemkumbusha Opolot nzito mbele, nyepesi nyuma, na aandike. Amesema anaandika. Sijui kama ni kweli, lakini nimemwamini.

Mwalimu na mimi tumetoa magunia yaliyooza mawili mawili, dada akiwa ameenda kwa jirani. Mazuri tumeyapeleka msikitini. Nimezungumza na mchuuzi. Ni mtu mzuri, aliona haya, amesema atakuwa anaitikia oda bila kuleta. Hadija analia kwenye simu. Nimemwambia aje na mtoto mwisho wa wiki.

Bado nimechanganyikiwa, lakini kwa namna nyingine. Sijui kama dada anajua. Kuna wakati ananitazama kana kwamba anajua na ananionea huruma mimi.

Jumatano, 30 Julai
Mvua ya asubuhi, kisha jua. Nimefagia uani. Dada amepika maharage, chumvi sawa kabisa. Tumekula tukimsema yule mpangaji wa zamani aliyehama na milango. Alikumbuka jina lake, na la mkewe, na rangi ya milango. Mimi nilikuwa nimesahau vyote.

Baadaye alitoka chumbani, akaniona nimekaa kibarazani, uso ukamng'aa. Akaniuliza nimefika lini. Nikamwambia sasa hivi. Akasema mbona sikupiga simu, angenipikia. Akaenda jikoni kuchemsha chai.