Kinyozi Aliyekatazwa Kunyamaza

Duka la Kinyozi,
S.L.P. 418.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. U hali gani huko ughaibuni? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Na mgongo wako, umetulia, au bado unabeba masanduku kazini kama msichana? Mama ni mzima, ila analalamika kwamba kwenye simu sauti yako imekonda. Sisi wengine tu wazima pia, na mimi mgonjwa najihesabu humo humo.

Barua yako nimeipata. Mara ya kwanza nilikasirika, nilipoirudia nikasikitika, kwa sababu umesema kweli. Umeniambia niweke wembe chini, kwani ugonjwa huu wa neva hauna dawa ya kuumaliza, na kinyozi anayeyumba ni hatari kwa watu. Naomba unisikilize kabla hujamshtakia Mama.

Kuyumba niliyumba, siwezi kubisha. Mwalimu Mkuu alikuwa kitini, povu hadi masikioni, sakafu ikanikimbia ghafla. Nilianguka upande wa pili, sikumgusa hata unywele, lakini alitoka mbio na nusu ndevu, kitambaa changu shingoni, akaingia shuleni hivyo hivyo. Tangu siku ile mtaa mzima unafuga ndevu. Hata muuza nyama, ambaye kidevu chake hakijawahi kuota kitu, aliniambia naye anafuga.

Hospitali wakanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nilitegemea jitu la miraba minne, akatoka binti mfupi ambaye sasa namwita Afande, kwa jinsi anavyoamrisha. Alinieleza bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwamba mazoezi hayaondoi ugonjwa, ila mwili unaweza kufundishwa upya kujishika. Nikaanza kusimama miguu pamoja, halafu mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, halafu juu ya mto wa kulalia huku nimefumba macho. Dada, mtu mzima wa miaka arobaini na minne nilishindwa na mto.

Nyumbani tunafanyia jikoni, karibu na sinki ili nipate pa kushika. Mto wenyewe ni wa mke wangu, ule mzuri, na bado hajanisamehe. Kazi yake ni kukaa nyuma yangu asiniguse mpaka nianguke kweli. Thubutu. Nikitikisika kidogo tu kanidaka mkanda wa suruali, na mara mbili huko kudakwa ndiko kulikotubwaga wote wawili. Afande alipopata habari alimwamuru afumbate mikono. Sasa ananishika kwa macho, na nakuambia, afadhali mikono.

Baada ya miezi miwili nikarudi dukani, asubuhi tu, maana joto hunimaliza nguvu. Hapo balaa jipya likajitokeza. Nikiwa kimya nasimama kama nguzo, nikifungua mdomo nayumba. Nikaamua kunyoa bila kusema. Waliothubutu kuja walikuwa wawili. Mmoja aliniuliza nimefiwa na nani. Wa pili alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, akashuka kitini sijafika hata shavuni. Simlaumu. Nani atampa shingo yake mtu mwenye wembe asiyesema neno?

Nilimpelekea Afande kilio changu nikitaka huruma, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha akasema, "Kuanzia leo ni marufuku kunyamaza. Kazi yako ni kusimama na kusema, basi tutafunza yote mawili pamoja."

Akanipa maputo. Napuliza puto, nalipaka povu, mke wangu analishikilia, nami nalinyoa nikiwa juu ya mto huku napiga soga. Nilipasua sita. Kila likipasuka, Mama alisema kutoka chumbani, "Huyo ni Mwalimu Mkuu." La saba lilinyolewa likatoka safi, na nilikuwa nimesimulia kisa cha harusi yako chote, pamoja na vile viatu vya Shemeji. Mniwie radhi.

Jumatano iliyopita mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Mkuu mwenyewe, ndevu zimefika kifuani. Alisema mkewe amempa hiari, ndevu au kitanda. Akakaa, akakamata mikono ya kiti mpaka mishipa ikamtoka. Nilimwambia ukweli, "Mwalimu, ugonjwa bado ninao. Nikihisi kuyumba nitaondoa wembe kwanza, halafu nitakaa."

Akanitazama kwenye kioo. "Haya, lete habari," akasema. "Nimezikosa."

Nikapanga miguu kama nilivyofundishwa, nikaanza kunyoa na kusema. Nilikuwa naogopa, Dada, sikufichi. Nilipofika kooni nikaona mikono yake imelegea na kichwa kimekuwa kizito, nikadhani amezimia kwa hofu. Kumbe anakoroma. Mtu yule yule, shingo wazi, amelala chini ya wembe wangu. Nilimaliza, nikafunga wembe, machozi yakanitoka. Sikumwamsha. Muuza nyama akaingia, akatuona, akavua kofia, akakaa kwenye benchi kungoja zamu yake.

Kwa hiyo usinikasirikie, Dada. Kazi siachi. Siku nitakapoona mwenyewe kwamba haiwezekani tena, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua, kabla hata ya mke wangu.

Nisalimie Shemeji, mwambie ya viatu yameishia jikoni. Wapwa zangu wabusu wote, hata yule mkubwa asiyependa. Mama anakutumia dua, mke wangu naye, na Mungu aitulize ardhi unayoikanyaga.

Wako akupendaye ingawa hakutii,
Mdogo wako, Kinyozi.